Mkono Unasikia Msuguano: Hotuba kwa Mafundi Vijana Kuhusu Bolti za Silinda Hedi

Ndugu mgeni rasmi, walimu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kuwaona watoto, mafundi wenzangu wa gereji za jirani, na ninyi vijana mnaomaliza leo: habari za asubuhi.

Nimepewa nusu saa kabla ya vyeti kugawiwa, nikaambiwa nizungumzie lolote ninaloona litawafaa huko mnakokwenda. Nimekuja na bloku ya injini ya 4A, ile ya Corolla na Carina, pamoja na hedi yake, yaani kifuniko cha juu ya silinda, gasketi mpya ya kuziba kati ya hivyo viwili, na bolti kumi. Viko mezani hapa mbele. Nitazungumzia hizo bolti kumi. Nimefungua injini za watu miaka mingi, na nimeona kwamba gari likirudi gereji wiki tatu baada ya ovahoo, yaani injini kufumuliwa na kufungwa upya, maji ya rejeta yanatoa mapovu na oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, mara nyingi kosa halikuwa kwenye pistoni wala kwenye ringi. Lilikuwa kwenye bolti za hedi. Na lilifanyika jioni, wakati fundi amechoka na anaona kazi imekwisha.

Sisi tuliokulia gereji tulifundishwa kukaza kwa mkono. Mzee aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alikuwa akichomeka bomba kwenye mpini wa spana, anavuta, anatulia kidogo kama mtu anayesikiliza, kisha anasema, "Hapo tosha." Nilimheshimu na bado namheshimu. Injini alizozifunga zilikuwa za hedi ya chuma cha kusubu na bolti nene, na zilimvumilia. Lakini leo wengi wenu mtafungua IST, Vitz, Noah, Harrier, Hiace. Hedi zake nyingi ni alumini, na nyingine bloku pia ni alumini. Hizo hazina uvumilivu huo.

Nataka mjue kwa nini mkono hautoshi. Msikubali tu kwa sababu nimesema mimi.

Bolti ya hedi si msumari wa kushikilia kitu kisianguke. Ni springi. Wengi wenu mmetengeneza manati utotoni. Mpira wa manati usipovutwa, hauna nguvu yoyote. Ukiuvuta vizuri, unataka kurudi, na kule kutaka kurudi ndiko kunakorusha jiwe. Ukiuvuta kupita kiasi, unalegea na haurudi tena. Bolti ni hivyo hivyo. Ukiizungusha baada ya kichwa chake kukaa kwenye hedi, uzi wake, yaani yale meno yanayoizunguka, unaivuta kwenda chini, inarefuka kidogo sana, na kwa sababu ni chuma inataka kurudi kwenye urefu wake. Kule kutaka kurudi ndiko kunakoibana hedi kwenye gasketi, na gasketi kwenye bloku. Bolti ya urefu wa sentimita kumi inarefuka kiasi cha theluthi ya milimita hivi, yaani karatasi tatu za daftari ukizipanga. Hizo karatasi tatu ndizo zinazozuia moto usipite.

Moto wenyewe una nguvu kiasi gani? Chukueni 5L, dizeli ya Hiace na Hilux. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 99.5, kwa hiyo eneo linalosukumwa juu ni karibu sentimita za mraba 78. Mlipuko ukifikia shinikizo la baa 70, hedi inasukumwa juu kwa tani tano na nusu kwenye silinda moja tu. Ni karibu uzito wa Hiace mbili zilizojaa abiria. Na injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, jambo hilo linatokea mara 25 kila sekunde kwenye kila silinda. Sasa mfikirie gari hilo linapanda mlima Kitonga kwenda Iringa, gia ya pili, jua la saa nane, abiria wote wamo. Juu ya hayo, alumini ikipata moto inavimba karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo hedi ya alumini inazivuta bolti zaidi kuliko ulivyozivuta wewe, halafu usiku ikipoa inaziachia. Bolti inafanya kazi ya kuvutwa na kuachiwa maisha yake yote.

Kwa hiyo kitu tunachokitafuta siku ya kufunga ni mvuto wa bolti. Lakini mkono wako unasikia nini unapovuta spana? Unasikia msuguano. Hapa nawaomba mnisikilize vizuri zaidi kuliko mahali pengine popote leo. Kati ya kila shilingi mia ya nguvu unayoitoa, karibu hamsini zinaliwa na msuguano chini ya kichwa cha bolti, karibu arobaini zinaliwa na msuguano wa uzi, na kumi tu ndizo zinazoivuta bolti. Sasa chukulia tundu moja lina kutu au uchafu wa gasketi ya zamani, na uzi wake unakula arobaini na tano badala ya arobaini. Mkono wako umetoa mia ile ile. Umesikia ugumu ule ule. Lakini zilizobaki kwa ajili ya kuivuta bolti ni tano. Nusu nzima imepotea na mkono haukujua.

Hata spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza na kulia "tak" ikifika, inapima kitu hicho hicho. Haiujui mvuto. Inajua tu jinsi bolti inavyokataa kuzunguka, na bolti inaweza kukataa kwa sababu nyingi mbaya.

Niwaeleze ya kwangu. Miaka hiyo nilikuwa nimeshaanza kujitegemea, nikafunga Hiace ya mteja anayebeba abiria wa mkoani. Injini 5L. Nilikuwa na spana ya toki nzuri, nilikuwa na namba sahihi, nilifuata mpangilio. Hedi ilikuwa imepita mashine, imenyooka. Kitu kimoja sikukifanya: nilipoosha bloku, maji na oili viliingia kwenye matundu ya bolti, na sikuyakausha yote. Tundu moja la nyuma, lisilo na njia ya kutokea chini, lilibaki na kimiminika. Nilipokaza bolti ile, ilikibana kile kimiminika. Maji hayabaniki. Spana ikalia "tak" mapema, kichwa cha bolti hakijaibana hedi hata kidogo. Mimi nikaendelea na ya pili yake. Gari lilitoka likiwa zuri. Likafanya kazi siku ishirini hivi. Likaungua gasketi Kitonga, usiku, abiria wakashushwa barabarani na watoto na mizigo yao, kwenye kona ile ambayo malori yanashuka bila kuona mbele. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Lakini nilipofungua ile hedi na kuiona bolti ile bado inang'aa chini ya kichwa, haina hata alama ya kugusa vizuri, nilikaa chini. Na nilikuwa na bahati: kimiminika kwenye tundu kinaweza pia kuipasua bloku yenyewe, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Tangu siku hiyo kazi yangu ya bolti inaanzia kwenye matundu. Kila tundu napuliza kwa hewa ya kompresa, nimefunika kwa kitambaa na nimevaa miwani, maana uchafu ule unarudi machoni. Napuliza, naingiza kitambaa kwenye bisibisi nyembamba, nakitoa, nakiangalia. Kikiwa kimelowa, napuliza tena. Kisha napitisha kisafisha uzi. Angalieni: msipitishe tapu ya kukatia uzi mpya, hasa kwenye bloku ya alumini. Tapu inakata, itapunguza nyama ya uzi na kuuacha ukiwa mlegevu. Kama hamna kisafisha uzi cha dukani, chukueni bolti ya zamani ya injini hiyo hiyo, mkate mifereji miwili au mitatu kwa grainda kwa urefu wa uzi wake, mlainishe ncha. Ikipita kwenye tundu inakusanya uchafu ndani ya mifereji. Ninayo moja ya kila injini ninayofunga sana, zimefungwa kwa waya kama funguo. Baada ya matundu kuwa safi, kila bolti ninaiingiza kwa vidole, bila gasketi, bila hedi. Isiyoshuka kwa vidole mpaka chini haijawa tayari, na ninatafuta sababu.

Sasa bolti zenyewe. Mteja atakuuliza, "Fundi, na bolti nazo lazima zinunuliwe?" Jibu linategemea injini, na linatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji. Halitoki kwenye mfuko wa mteja, na halitoki kwenye hamu yako ya kuipata kazi. Injini nyingi za siku hizi zinatumia bolti za kunyooshwa, yaani zinakazwa mpaka chuma kinaanza kuachia kidogo, kwa sababu hapo mvuto wake unakuwa sawa kwenye bolti zote. Bolti ya namna hiyo ikishanyooshwa, haina hakika ya kunyooshwa tena. Watengenezaji wengi wa Ulaya wanasema ni za kutumia mara moja. Toyota kwenye injini zake nyingi wanaruhusu kupima: kitabu kinakupa kipimo cha urefu wa mwisho, au kipenyo cha mwisho pale uzi ulipokonda. Mnapima kwa kalipa, kila bolti, na mnaandika. Bolti ikikonda katikati ya uzi, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, hiyo ni ya kutupa. Njia ya haraka ya kukagua kabla ya kalipa: chukua nati mpya yenye uzi sawa, ipitishe kwa vidole kwenye uzi wote. Ikikwama katikati, uzi umevutika pale. Zikiwa tisa nzima na moja mbovu, badilisha zote kumi. Usiweke manati mpya kati ya manati tisa zilizochoka.

Kwenye hesabu yangu ya kazi, bolti za hedi zinaandikwa pamoja na gasketi tangu mwanzo, siku ya kwanza ninapompa mteja bei. Ukizitaja baadaye, mteja anaona unamwongezea. Ukizitaja mwanzo, anaziona ni sehemu ya kazi, na ndivyo zilivyo.

Kununua kwenyewe kuna mitego. Mtu anakwenda Kariakoo, bolti za hedi hazipo, muuza duka la vifaa vya ujenzi anampa bolti yenye unene ule ule na urefu ule ule. Inaingia. Inakazika. Lakini angalieni kichwani mwake: imeandikwa 8.8. Bolti nyingi za hedi zina nguvu ya daraja la 10.9 au zaidi. Kwa bolti ya milimita 12 yenye uzi wa 1.25, yaani milimita 1.25 kutoka jino hadi jino, ile ya 8.8 inaanza kulegea moja kwa moja ikivutwa kwa tani sita hivi; ya 10.9 inavumilia mpaka tani nane na zaidi kidogo. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Isiyo na alama yoyote kichwani msiiguse. Na 12.9 pia si jibu la kila swali: ni ngumu zaidi, lakini bolti ya hedi lazima ivutike kwa kipimo, na ile iliyochaguliwa na mtengenezaji ndiyo aliyoifanyia hesabu ya kukaza. Ukibadilisha bolti, namba za kitabu si zako tena.

Angalieni urefu pia. Hizi za 4A hapa mezani ni za aina mbili: tano za milimita 90, zinakwenda upande wa manifoldi ya kuingizia hewa, na tano za milimita 108, zinakwenda upande wa ekzosti. Ukikosea ukaiweka ndefu mahali pa fupi, inagota chini ya tundu. Spana itakulilia "tak" vizuri kabisa, na bolti haijabana chochote. Ni kosa lile lile la maji kwenye tundu, limevaa nguo nyingine. Na kama hedi imepitishwa mashine mara mbili au tatu, imekonda, kwa hiyo bolti sasa inaingia ndani zaidi kuliko zamani. Pimeni kina cha tundu, pimeni bolti inavyotokeza chini ya hedi, hakikisheni nafasi imebaki. Washa zake, vile vipete vya chini ya kichwa cha bolti, zikipotea, zitafutwe zenyewe. Msiweke za mlango.

Oili. Kitabu cha Toyota kinasema oili nyepesi ya injini kwenye uzi na chini ya kichwa cha bolti. Nyepesi maana yake tone, lisambazwe kwa kidole. Wapo wanaokaza kavu, wapo wanaopaka grisi, wapo wanaopaka dawa ya shaba ya kuzuia kutu. Kila mmoja anabadilisha zile shilingi mia. Bolti ikitoka kwenye ukavu kwenda kwenye oili, kwa namba ile ile ya spana mvuto unaweza kuongezeka kwa theluthi. Kwa hiyo namba ya kitabu ina maana kwa mafuta yale kitabu kinayoyataja, na si vinginevyo. Tofauti ni matundu yanayotokea kwenye njia ya maji: bolti za hapo zinahitaji dawa ya kuziba kwenye uzi, la sivyo maji yatapanda kwenye uzi na kutokea kichwani. Kitabu kitawaambia ni zipi.

Tumefika kwenye kukaza, na mtashangaa kwamba sina mengi ya kusema hapa kama mlivyotarajia, maana sehemu kubwa ya kukaza imeshafanyika kwenye kusafisha na kuchagua.

4A inakazwa kwa nyutoni mita 29, hicho ndicho kipimo cha nguvu ya kukaza. Vijana wengi wakiiona namba hii wanacheka. Nati ya tairi ya gari hilo hilo inakazwa kwa zaidi ya 100, hedi inakazwaje kwa 29? Ndiyo maana wanaongeza, na ndipo wanapoharibu. Ile 29 ni ya kuikalisha tu hedi, ili bolti zote zianzie mahali pamoja. Kazi yenyewe inafuata: zungusha kila bolti digrii 90, kisha kila moja digrii 90 tena. Kwenye 5L ni 78, kisha 90, kisha 90. Kwenye 1NZ ya IST ni 29, 90 na 90. Kwenye 1ZZ ni 49 kisha 90 moja. Kila injini na yake, msikariri ya jirani.

Kwa nini pembe? Kwa sababu pembe haidanganywi na msuguano. Bolti yenye uzi wa 1.25 ukiizungusha mzunguko mzima inashuka milimita 1.25. Robo mzunguko inashuka 0.31. Iwe na oili nyingi au kidogo, iwe mkono wa kijana au wa mzee, robo mzunguko ni robo mzunguko. Sehemu ya urefu huo inaibana gasketi na hedi, inayobaki inaivuta bolti. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza unapima kile unachokitafuta. Waliovumbua njia hii walikuwa wanaukimbia msuguano, sawa na sisi.

Wala hamhitaji kifaa cha bei kubwa. Baada ya hatua ya nyutoni mita, wekeni nukta ya rangi kwenye kila kichwa cha bolti, upande unaoelekea mbele ya injini. Rangi ya kucha inatosha, muombeni dada yenu. Ukizungusha digrii 90, nukta inaangalia ubavuni. Ukizungusha tena 90, nukta zote zinaangalia nyuma. Ukisimama ukaona nukta kumi zote zinaangalia nyuma, umemaliza na una ushahidi. Ikiwa moja inaangalia kwingine, unaijua ni ipi. Hii imo kwenye vitabu vya Toyota wenyewe.

Mpangilio ni kutoka katikati kwenda nje, kwa mzunguko, pande zote mbili. Wazee wanasema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ukianza pembeni, kona ile inaivuta hedi kwake, na gasketi inabaki na mkunjo katikati usio na pa kukimbilia. Ukianza katikati, mkunjo unasukumwa nje. Na siku ya kufungua mnakwenda kinyume, kutoka nje kuja ndani, kwa awamu, injini ikiwa imepoa kabisa. Fundi anayefungua hedi ya alumini ikiwa bado ya moto kwa sababu mteja ana haraka, ameipindisha mwenyewe, halafu anamwambia mteja gari lilichemsha.

Neno kuhusu vipimo. Vitabu na video zinatumia lugha tatu: nyutoni mita, kilo mita (kilo za nguvu kwa mita, si kilomita ya barabara), na futi-pauni. 78 za nyutoni mita ni karibu 8 za kilo mita, na ni 58 za futi-pauni. Fundi akisoma 58 akadhani ni nyutoni mita, ameanza na robo pungufu. Akisoma 78 akaiweka kwenye kipimo cha futi-pauni, amefika karibu 106. Someni herufi zilizo kando ya namba kabla ya namba. Na spana yenyewe: ile kubwa iliyoandikwa kuanzia 40 mpaka 210 haifai kwa 29, tafuteni ndogo. Vuteni polepole, kwa mkono mmoja ulionyooka, ikilia mara moja acheni. Wanaovuta "tak, tak, tak" kwa ajili ya uhakika wanaongeza kila mara. Msifungulie nati kwa spana ya toki. Mkimaliza, irudisheni kwenye namba ya chini kabisa kabla ya kuiweka sandukuni, maana na yenyewe ndani ina springi.

Niseme kuhusu injini moja ambayo mtaikuta sana: 2AZ, iliyomo kwenye Harrier, Kluger, Alphard, Ipsum na RAV4. Bloku yake ni alumini, na matoleo ya mwanzo yana ugonjwa unaojulikana dunia nzima: uzi ulio ndani ya bloku, hasa matundu ya nyuma, unakufa. Gari linapungua maji kidogo kidogo, na ukimulika nyuma ya injini kati ya hedi na bloku unaona ukungu wa kuluanti, yaani maji ya rejeta, iliyokauka. Ukifungua, bolti inatoka na alumini imeganda kwenye meno yake. Toyota baadaye walirefusha uzi kwenye bloku. Sasa kijana anafunga gasketi mpya juu ya uzi uliokufa, anafika kwenye zile digrii 90, na bolti inazunguka laini, kama kisu kwenye siagi. Mkono wake unamwambia kuna kitu. Hapo, na hapo tu, msikilizeni mkono. Bolti inayozunguka bila kuongezeka ugumu haivutwi, inang'oa. Simameni. Tundu linatobolewa kwa kiongozi kilichonyooka na kuwekewa kipande cha chuma chenye uzi mpya ndani. Ni kazi ya kulipwa vizuri na ya mtu mwenye vifaa vyake. Kumimina gundi ya chuma kwenye tundu na kumkabidhi mtu gari lake ni wizi, na ninalisema hilo mbele ya wazazi wenu.

Kuna anayeuliza kila mara: nikaze tena baada ya kilomita 1,000? Gasketi za zamani za mchanganyiko zilikuwa zinakaa, yaani zinabonyea, zikishapata moto, kwa hiyo injini nyingi za zamani zilikazwa tena, na kitabu chake kinasema hivyo. Gasketi za chuma za matabaka hazikai namna hiyo, na bolti iliyokazwa kwa pembe ukiirudia unaivuta mara ya pili bila hesabu. Kama kitabu hakisemi, msiguse. Gasketi za chuma zina sharti lao jingine: zinataka uso laini. Bloku iliyokwanguliwa kwa sandipepa ya mkono ina mabonde ambayo bolti bora kuliko zote haiwezi kuyaziba.

Muda wangu unakwisha na mgeni rasmi ana safari. Nilikuwa nimepanga kuifunga hedi hii mwenyewe mbele yenu, lakini nimebadili nia. Matundu nimeyapuliza asubuhi, ila kuna moja ambalo nimeliacha makusudi na oili ndani. Bolti zimechanganywa, fupi na ndefu. Spana ndogo ya toki ipo kwenye sanduku jekundu, haijawekwa namba. Rangi ya kucha ipo, kalipa ipo, kompresa imejaa hewa, miwani ile pale.

Binti uliyekaa mstari wa pili, mwenye ovaroli ya bluu, njoo uanze. Usianze na spana. Anza na kitambaa.